Kisu cha Okapi: Historia Iliyoandikwa Juu ya Bapa

Miongoni mwa maandishi mafupi kabisa ambayo mwalimu wa lugha au wa historia aweza kukutana nayo ni yale yaliyopigwa chapa juu ya chombo cha chuma. Ni neno moja, pengine mawili, herufi zake ndogo kama punje za mtama, nusu zimeliwa na kutu na nusu zimeliwa na kinoo. Watu huyapita bila kuyasoma, kwani kisu hununuliwa kikate, hakinunuliwi kisomwe. Hata hivyo maandishi hayo yana sifa ambayo vitabu vingi havina: yaliandikwa kiwandani wakati ule ule chombo kilipozaliwa, na aliyeyaandika hakuwa na habari kwamba siku moja atasomwa na mwanahistoria.

Katika makala haya napenda kuwaletea walimu wenzangu mfano wa kisu kimoja cha kukunja, cha kutiwa mfukoni, kijulikanacho kwa jina la Okapi. Si kisu cha wafalme. Hakina mpini wa pembe za ndovu wala nakshi za dhahabu. Kilitengenezwa tangu mwanzo kiwe kisu cha bei nafuu cha mtu wa kazi: mkulima, mchungaji, mpagazi, mpishi. Lakini jina lake lilitoka katika misitu ya Kongo, likaenda Ulaya, kisha likarudi Afrika limepigwa chapa juu ya chuma. Na mtu akitaka kujua kisu fulani cha namna hiyo ni cha lini na kina thamani gani, hana budi kwanza kuifahamu safari hiyo.

Tuanze na mnyama. Okapi huishi katika misitu minene ya kaskazini-mashariki mwa Kongo, hasa msitu wa Ituri, na wenyeji wa msitu huo walimjua kabla ya Mzungu yeyote. Wataalamu wa Ulaya hawakuwa na habari naye. Mwaka 1890 Henry Morton Stanley alitaja katika kitabu chake kwamba Wambuti humjua mnyama wa namna ya punda, basi akaishia hapo. Miaka kumi hivi baadaye Sir Harry Johnston, aliyekuwa mwakilishi maalumu wa Serikali ya Uingereza katika Uganda tangu mwaka 1899, aliwaokoa Wambuti kadhaa waliokuwa wametekwa na Mzungu mmoja mfanya maonyesho, ambaye alikusudia kuwapeleka Paris wakatazamwe katika maonyesho makubwa ya mwaka 1900. Johnston aliwarudisha kwao Kongo, na katika mazungumzo nao akamwulizia mnyama yule. Walimweleza. Jina alilolisikia huko lilikuwa na mkato wa sauti kooni mahali ambapo sisi leo tunatamka *k*. Lakini mkato huo hauandikiki kwa urahisi katika herufi za Kizungu, kwa hiyo ikaandikwa «okapi», na hivyo ndivyo dunia nzima inavyotamka.

Johnston hakumpata mnyama mwenyewe. Alichopata ni vipande vya ngozi yenye milia ambavyo askari wa Dola ya Kongo walikuwa wamejifanyia mikanda. Alivituma London, na mwaka 1901 mtaalamu P. L. Sclater akamwita mnyama huyo *Equus johnstoni*, maana yake akamtia katika ukoo wa farasi na punda milia. Ukiwa na mikanda miwili tu ya ngozi yenye milia, ni nani asingedhani hivyo? Mwaka ule ule ilifika ngozi kamili pamoja na mafuvu mawili, vilivyopatikana kwa msaada wa Karl Eriksson, ofisa Mswidi katika utumishi wa Kongo. Hapo Ray Lankester alionyesha kwamba mnyama huyu si farasi hata kidogo, bali ni jamaa wa twiga, akampa jina la *Okapia*. Magazeti ya Ulaya yalijaa habari zake. Fikiri jambo hilo: mnyama mkubwa kama yule, na karne ya ishirini imekwisha kuingia!

Watengenezaji wa kisu cha Okapi huutaja mwaka 1902 kuwa mwaka wa kuanza kwake, yaani mwaka mmoja tu baada ya habari hizo, na husema kwamba kilitengenezwa Ujerumani kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Makoloni hayo, walimu wanakumbuka, yalikuwa Togo, Kamerun, Afrika ya Kusini-Magharibi ambayo leo ni Namibia, na Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ambayo ndani yake zilikuwamo Tanganyika, Rwanda na Burundi. Mfanyabiashara alijua alichokuwa akifanya. Alichukua jina lililokuwa midomoni mwa watu mwaka ule, jina la Kiafrika tena fupi, lenye irabu mwanzoni na mwishoni, ambalo mnunuzi wa Kiafrika angelitamka bila kujikwaa. Mtu asiyejua kusoma angekitambua kisu kwa picha ya mnyama iliyotumiwa kuwa alama.

Mji uliokizaa kisu hiki ni Solingen, karibu na mto Wupper, magharibi mwa Ujerumani. Tangu zama za kati mji huo umekuwa ukifua panga na visu, na mito midogo ya milima yake ndiyo iliyozungusha cherehe za kunolea kwa nguvu za maji. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Sheffield wa Uingereza. Katika karne ya kumi na tisa mafundi wa Sheffield walilalamika kwamba bidhaa hafifu za Ujerumani zinauzwa zikiwa na jina la mji wao, na malalamiko ya namna hiyo yalichangia kupitishwa kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1887, iliyotaka bidhaa za kigeni zisijifiche nyuma ya alama za Kiingereza. Hapo ndipo maneno «Made in Germany» yalipoanza kuenea. Yalikusudiwa yawe alama ya aibu. Haukupita muda mrefu yakageuka kuwa sifa. Nimewahi kuwapa wanafunzi mfano huu nilipofundisha namna maneno yanavyobadilika maana, nao waliufahamu upesi kuliko mifano yote iliyomo katika vitabu vyetu vya sarufi.

Sasa tukitazame kisu chenyewe. Okapi inayojulikana zaidi, ambayo hutajwa kwa namba 907E, ina mpini wa mti uliopinda kidogo, umepambwa kwa vipande vidogo vya madini vyenye sura ya hilali na nyota. Bapa lake ni la chuma cha pua cha kawaida, kile kinachoshika kutu kisipotunzwa, nalo huchongoka kuelekea ncha. Mgongoni mwa mpini kuna kamani ndefu, na kwenye kamani hiyo kuna pete. Tako la bapa, yaani sehemu ile iliyofichwa karibu na kiungo, limechongwa meno. Unapolifungua bapa, meno hayo hupita chini ya kamani moja baada ya jingine, na kila jino hualika. Ndiyo sababu kisu hiki husikika kabla ya kuonekana. Likifunguka kabisa, hukazwa na kamani lisiweze kukunjika na kumkata mtumiaji vidole. Ili kulifunga, sharti uivute pete, kamani inyanyuke, ndipo bapa lirudi mpinini.

Mlio huo ndio uliokipa kisu jina jingine ng'ambo ya bahari. Huko Jamaika watu hukiita *ratchet*, kutokana na neno la Kiingereza la gurudumu lenye meno. Afrika ya Kusini jina la Okapi lenyewe limekuwa jina la visu vya aina hiyo kwa jumla, kama vile katika nchi zetu Kimbo lilivyokuwa jina la mafuta yote ya kupikia yaliyoganda, hata yasiyo Kimbo. Ni kweli vilevile kwamba katika miji ya Afrika ya Kusini na ya Jamaika kisu hiki kilipata sifa mbaya, kikahesabiwa kuwa silaha ya wahuni. Mimi naona sifa hiyo yahusu mikono zaidi kuliko chombo, maana kisu kile kile ndicho kilichomenya mihogo na kuchunia mbuzi katika nyumba zisizo na idadi. Lakini mwalimu asiifiche. Ni sehemu ya historia yake, na ni sababu ya kutosha ya kutoruhusu visu darasani.

Swali linaloulizwa kwanza na kila mwenye kisu kikuukuu ni hili: cha mwaka gani? Jibu halipatikani kwa kutazama uchakavu. Kisu cha miaka kumi kilichoachwa mvuani huzeeka kuliko cha miaka hamsini kilichotiwa mafuta. Jibu lipo katika chapa, kwenye bapa karibu na kiungo, na chapa husomwa kwa utaratibu ule ule tunaousomea hati ya kale. Usiikwaruze wala usiipige msasa. Igeuze bapa mpaka mwanga uipige kutoka upande, herufi zitoe vivuli. Kama hazionekani bado, paka unga wa chaki, ambao hakuna mwalimu asiyekuwa nao, kisha ufute taratibu kwa kitambaa. Chaki itabaki ndani ya mashimo ya herufi. Halafu andika kile unachokiona, si kile unachokitazamia, na mahali palipofutika weka nukta.

Baada ya hapo kila neno lipimwe kwa tarehe yake. Jina la Solingen limelindwa na sheria ya Ujerumani tangu mwaka 1938, hata haijuzu kulipiga juu ya bapa lisilofanyiwa kazi zake muhimu katika mji huo na viunga vyake. Maneno yenye maana ya Ujerumani ya Magharibi hayawezi kuwa ya kabla ya mwaka 1949, kwa sababu kabla ya hapo dola hiyo haikuwako. Neno la Kijerumani *rostfrei*, au lolote jingine lenye maana ya chuma kisichoshika kutu, haliwezi kuwa la zama za ukoloni wa Mjerumani mwanzoni, maana chuma hicho kilivumbuliwa karibu na mwaka 1912 na 1913, nacho kilichukua miaka kuenea katika visu. Ama maneno «South Africa» huonyesha kisu cha mwaka 1988 au baadaye. Katika mwaka huo jina na mitambo ya Okapi vilinunuliwa na kampuni ya Afrika ya Kusini, utengenezaji wa Ujerumani ukiwa umefikia kikomo, na tangu hapo Okapi imekuwa kisu cha Afrika kwa kuzaliwa na si kwa jina tu.

Hapa nawaomba wasomaji watue kidogo, kwa kuwa wengi huteleza mahali hapa. Kuwapo kwa neno hutoa ushahidi wenye nguvu. Kutokuwapo kwake hutoa ushahidi dhaifu. Ukikuta «Magharibi», umekwisha kujua kisu si cha kabla ya mwaka 1949. Lakini usipolikuta, ukaona «Germany» peke yake, hujathibitisha kwamba ni cha kabla ya mwaka huo, kwani si kila fundi alijishughulisha kuandika upande wa nchi yake. Muuzaji wa vitu vya kale hupenda kulisahau jambo hili, kwa sababu faida yake imo ndani yake.

Miaka michache iliyopita niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kunakili maandishi ya chombo chochote cha zamani nyumbani kwao. Visu nilikuwa nimevikataza kuja shuleni, kwa hiyo kijana mmoja aliniletea karatasi: alikuwa ameilaza juu ya bapa akaisugua kwa penseli. Kisu kilikuwa cha familia, kilichoitwa na wote «kisu cha Mjerumani». Ilisemekana kwamba babu yake babu, aliyekuwa mpagazi wa jeshi la Wajerumani kabla hawajaondoka Burundi mwaka 1916, ndiye aliyekileta. Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale alikuwa amekwisha kukiona, akataja bei ambayo ingelipa karo ya kijana ya mwaka mzima. Aliwaonyesha hata herufi zilizosalia chini ya jina la Okapi, FRICA, akawaambia hizo ni za Deutsch-Ostafrika, yaani jina lenyewe la koloni. Baba mtu akanitumia salamu: Mwalimu aandike barua fupi ya kuthibitisha.

Niliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Herufi ya nne haikuwa na shaka. Ilikuwa C, mviringo ulioachwa wazi upande mmoja. Mjerumani haandiki jina la bara letu kwa C. Huliandika kwa K, kama sisi. Tena chapa ya kisu hutaja mahali kilipotengenezwa, wala si mahali kinapopelekwa kuuzwa. Nafasi iliyofutika kabla ya herufi zile ilitosha kabisa kwa maneno «South A», na hivyo kisu cha mpagazi wa mwaka 1916 kilikuwa kimetengenezwa miaka zaidi ya sabini baada yake.

Nilikwenda mwenyewe nyumbani kwao nikawaeleza. Baba hakufurahi, wala sikumlaumu. Karo ni karo. «Mwalimu,» aliniambia, «basi wazee wetu walisema uongo?» Aliyemjibu hakuwa mimi. Alikuwa shangazi yake, mama mzee aliyeketi mlangoni akichambua maharagwe. Alisema kile cha kwanza anakikumbuka: kilinolewa mpaka bapa likawa jembamba kama sindano ya kushonea magunia, mwisho likakatika. Marehemu kaka yake akanunua kingine sokoni chenye mnyama yule yule, akakitia katika mkoba ule ule, nacho kikaitwa kwa jina lile lile. Kilipokwisha hicho kikafuata hiki. Familia haikuona kwamba imebadili kisu. Walikuwa na kisu kimoja tu, ambacho mara mbili kilipata mwili mpya.

Niliandika barua, lakini ilikuwa na sehemu mbili: juu, maneno ya bapa na maana yake, chini, maneno ya shangazi kama alivyoyasema, pamoja na siku aliyoyasema. Mfanyabiashara aliisoma akaondoka zake. Karo ililipwa kwa kuuza mbuzi wawili. Barua ile, nasikia, imekunjwa ndani ya mkoba pamoja na kisu.

Masimulizi ya shangazi yanatueleza pia kwa nini Okapi za zamani ni adimu. Kisu cha thamani huwekwa sandukuni, kikarithiwa kikiwa kizima. Kisu rahisi hutumika kila siku hadi kinakwisha, kisha hutupwa. Kwa hiyo katika vitu vya namna hii huwa kinyume na watu wanavyodhani: vilivyotengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa senti chache ndivyo vinavyoweza kutoweka kabisa, na kipande cha miaka ya mwanzo kilichosalia na bapa kamili, chapa inayosomeka na mpini usiopasuka ni kitu cha kutafutwa sana. Okapi za Afrika ya Kusini, kwa upande mwingine, bado zinatengenezwa na bei yake ni ndogo. Mtu asitoe fedha nyingi kwa sababu tu mpini umechakaa. Viigizo pia ni vingi, vyenye hilali na nyota zile zile bila jina, au vyenye jina la mnyama mwingine.

Katika kukadiria thamani, mimi huanza na upana wa bapa. Likunje: kama ncha inazama ndani mno ya mpini na makali yamekuwa mstari uliobonyea, kinoo kimekwisha kula sehemu kubwa. Kisha lifungue utikise. Lisicheze huku na huku, na kamani ishike kila jino. Tazama ribiti zinazoshikilia mpini, kwa kuwa moja ikiwa inang'aa kuliko wenzake, kisu kimefunguliwa na mtu, huenda bapa limetoka katika kisu kingine. Hesabu nyota zilizobaki na zilizoanguka. Ama kuhusu bei, ulizia fedha zilizolipwa kweli kwa kisu kinachofanana nacho, si fedha zilizoombwa. Anayeomba huomba atakalo.

Rangi ya kijivu iliyokoza juu ya bapa si uchafu. Ni alama ya miaka ya kukata matunda na nyama, na husaidia kukinga chuma. Anayeisugua mpaka bapa ling'ae kama kijiko kipya hupunguza bei kwa mkono wake mwenyewe, na mara nyingi hufuta herufi pamoja nayo. Kutu nyekundu ndiyo ya kuondolewa, kwa kitambaa chenye mafuta na kwa subira. Na kama ulitumia chaki kusomea chapa, uifute yote siku ile ile, maana chaki huvuta unyevu, kisha upake mafuta kidogo kwenye kiungo na meno, ukifungue na kukifunga mara tatu nne mpaka kialike vizuri.